Matope ya Mkono wa Kushoto

Médard Ngondo alikuwa na dharau ya kuwatosha watu wote wa Kamina, na iliyobaki angeweza kuipeleka Kaniama ikawatosha na huko. Aliwadharau watu wanaofunika makochi kwa nailoni ili vumbi lisiyaguse. Aliwadharau vijana wa pikipiki wanaoamka kuosha pikipiki, wakati kabla jua halijapanda zitakuwa nyekundu tena. Aliwadharau mafundi rangi wenzake wa zamani, maana alikuwa ameandika namba za mabehewa kwenye karakana ya reli mpaka akastaafu, na alisema hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujua tofauti ya kutu na rangi ya kahawia. Lakini dharau yake ya sikukuu, ile ya kuvalishwa tai, aliiweka kwa ajili ya Maurice Kabuya.

Kabuya alikuwa jirani yake mtaa uleule wa reli, na kosa lake lilikuwa kwamba naye alitengeneza magari madogo ya kijeshi, ya kuweka mezani. Aliyakata kwenye mikebe ya sardini, matairi akayachonga kwenye kandambili kuukuu. Mikono yake haikuwa mibaya. Hata Médard alilikubali hilo, japo kwa shingo upande. Balaa ni kwamba Kabuya akimaliza gari alilipaka vanishi. Kifaru kinang'aa! Jeep ya vita unaweza kunyolea ndevu mbele yake! Na watu waliyapenda. Yalipangwa ndani ya kabati la kioo kwenye baa karibu na stesheni, na wanajeshi wa base, ile kambi kubwa, wakipita mjini waliyashika, wakayasifu, wakapiga nayo picha.

"Ile haiko kamio ya vita," Médard alimwambia Kabuya mbele ya watu, akionyesha lori lake linalong'aa. "Ile iko sahani."

Watu walicheka. Kabuya naye alicheka, kwa kuwa alikuwa mtu wa moyo mweupe, na Médard akamdharau kwa hilo pia.

Kwake yeye, gari lisilo na uchafu lilikuwa halijazaliwa. Hapo ndipo kazi yake ilipoanzia, pale wajinga wanapomalizia. Alichekecha vumbi la uwanja wake kwa soksi ya nailoni ya mkewe mpaka likawa laini kama poda ya mtoto. Alilichanganya na gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, akalipaka matairi kwa brashi iliyobakiwa na nywele chache. Kutu alikuwa nayo ya kweli, aliikwangua kwenye breki za mabehewa yaliyokufa. Mafuta machafu aliomba kwa fundi wa pikipiki. Na matone ya matope aliyarusha kwa mswaki: unauchovya, unaushika mbele ya gari, unazivuta nywele zake kwa kidole gumba, tope linaruka. Siku moja alionyeshwa kwenye simu mzungu anayeuza uchafu ndani ya chupa, chupa nzuri yenye kifuniko, juu yake imeandikwa kwamba ni vumbi la Afrika. Médard alicheka hadi akakohoa. Afrika gani hiyo? Vumbi la Kamina ni jekundu na linaingia hadi ndani ya yai. Tope la Kaniama linashika gurudumu kama ugali. La Bukama, kule mtoni, ni la kijivu na linanuka samaki. Mtu anayenunua udongo kwenye chupa, alisema, atanunua na hewa.

Tena uchafu una akili, ndivyo alivyokuwa akihubiri. Tope la gurudumu linarukia nyuma. Vumbi linalala palipo bapa. Mvua inavuta mistari kwenda chini, haijawahi kupanda. Mlango unafutika pale dereva anaposhika, na ngazi inabaki bati tupu pale buti linapokanyaga. Ukijua kusoma, gari lenyewe linakwambia limetoka wapi na limepita wapi. Mwanadamu anaweza kukudanganya, padri anaweza kukudanganya, lakini uchafu, wapi! Kabuya hakujua kusoma, ndiyo maana alipaka vanishi.

Mkewe, Mbombo, alikuwa mtu wa Kasai. Ndugu zake walipakiwa mabehewani mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa huku, yeye akabaki kwa sababu ya pete ya Médard, na nyakati nyingine aliitazama ile pete kama mtu anayetafuta sababu yenyewe. Alifagia nyumba asubuhi na jioni. Alisema amezunguka nchi hii yote hajaona mwanamume mwingine anayegombania vumbi na ufagio. Médard alimjibu kwamba kufagia ni kazi ya watu wasio na la kufikiri.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, Hénoch, na hapo dharau ya Médard ilipata mahali pa kulala.

Hénoch alizaliwa msafi. Akiwa kijana alikaa na baba yake barazani akafundishwa kila kitu, kuchekecha, kuchanganya, kurusha mswaki, na akajua. Lakini kila baada ya kazi alinawa hadi viwiko, akasugua kucha, akapiga pasi shati. Médard alitazama mambo hayo akasonya. Alisema amezaa mtu wa ofisi. Kijana alipoingia jeshini, watu walisema ameenda kwa kuwa ajira hakuna, lakini Mbombo alijua ameenda kwa ajili ya baba. Siku ya kuondoka alisimama stesheni na buti zinazong'aa, kila uzi mahali pake, na Médard alimwangalia toka juu mpaka chini, akamwambia mbele ya abiria:

"Na viatu vile? Weye utaoga mpaka vita iishe. Usirudie kwangu bila potopoto."

Watu walicheka tena. Hénoch hakucheka. Mbombo alimsihi mumewe alirudishe neno lile la matope kabla treni haijaondoka, kwa maana neno la mzazi stesheni si neno la mchezo. Médard akasema ni utani, na utani haurudishwi. Basi treni iliondoka na lile neno ndani yake.

Hénoch hakurudi. Alipelekwa mashariki kwenye vita. Likizo zilipokuja alizila kwa marafiki. Alimpigia mama yake, kwenye kile kisimu kidogo cha vibonye kisichojua picha, akamwambia yeye ni mzima, akauliza habari za baba, akakata. Miezi ya karibuni simu zake zilikuwa fupi zaidi. Mbombo alikuwa na ombi moja tu duniani, na alilisema waziwazi mezani, kanisani na kitandani: kijana akibisha hodi, mlango ufunguliwe. Médard alisema mlango uko wazi, kinachongojwa ni matope.

Tena alimaanisha. Alikuwa ameunda kamio la kijeshi la magurudumu sita, la aina ileile aliyoendesha Hénoch, kazi safi kupita zote alizowahi kufanya, na likasimama mezani uchi, kijani tupu, kwa sababu alikataa kulichafua kwa kubahatisha. Alitaka uchafu wa kweli, uliotoka vitani. Alimtumia kijana ujumbe huo kupitia mama yake: atume picha, ili baba aone. Na kule baa alikwisha kumtangazia Kabuya kwamba atoe vyombo vyake kabatini, linakuja kamio la mwanamume.

Ujumbe uliingia kwenye simu kubwa ya Médard mchana mmoja wa kiangazi, upepo ukipitisha vumbi uwanjani, mwenyewe yuko barazani na miwani yake. Ulikuwa na picha, na chini yake maneno: "Papa, niko Lubumbashi. Juma hii nitapanda treni. Kama unaitika, nitakuya mpaka kwa nyumba. Ona kamio yetu ya kule, ona potopoto yake. Minyi, mutoto yako, njo nilikuwa naiendesha."

Mbombo alikuwa anatwanga mihogo. Aliposomewa ujumbe aliuacha mchi ukaanguka, akapangusa mikono kwenye kitenge, akaja mbio kama msichana.

"Nipatie nione mutoto," alisema.

Médard alimwambia angoje. Alikuwa ameanza kuangalia. Alikuwa ameifungua picha kwa vidole viwili, ikapanuka, ikapanuka tena, hadi kioo chote kikajaa mlango wa kamio na tope juu yake. Na tuseme haki, moyo wake ulifurahi. Kwa mara ya kwanza alimwonea mwanawe fahari, na ilimpendeza jinsi fahari ile ilivyokaa kifuani. Kumbe ameivaa vita! Kumbe yule mpiga pasi naye ni mtu! Alipitisha picha polepole, gurudumu, bawa la gurudumu linalokinga tope, ngazi, mlango, akihema kama mlaji mbele ya sahani.

Halafu akaacha kuhema hivyo. Akarudi kwenye mlango.

Tone la tope likipiga bati lina kichwa kinene na ncha nyembamba, na ncha inaonyesha linakoelekea. Mlango huu ulikuwa wa upande wa kuume wa kamio. Tope la gurudumu lilipaswa kurukia nyuma. Lakini ncha zote, zote kabisa, zilitazama mbele, kwenye taa. Médard alivua miwani akaifuta, akavaa tena. Ncha zilibaki zinatazama mbele. Ama kamio hili lilikwenda vitani kinyumenyume, au tope hili halikutoka kwenye gurudumu lolote.

Mbombo aliomba simu tena. Alimwambia angoje kidogo, kuna jambo.

Alichukua ubao, akauegemeza ukutani, akachovya mswaki. Alirusha kwa mkono wa kuume, mbele ya ubao, jinsi alivyomfundisha Hénoch barazani palepale. Ncha zikaenda kushoto kwake, maana yake nyuma ya kamio, kama inavyotakiwa. Akauhamishia mswaki mkono wa kushoto, akarusha. Ncha zikaenda upande wa pili, mbele, kwenye taa. Ileile. Ilikuwa picha ya mlango ule hasa.

Basi akaelewa yote, au alidhani hivyo, na ile fahari ikageuka kifuani kama maziwa kwenye jua. Tope la ndoo! Mtu amekoroga udongo kwenye ndoo, akachukua brashi, akachafua kamio safi. Na hilo lingesameheka labda, maana ni ufundi wa nyumbani. Lakini Hénoch si mtu wa kushoto. Mbombo mwenyewe alimpiga vikofi vya mkono tangu anatambaa, kila aliponyoosha wa kushoto, kwa kuwa katika nyumba ya watu wenye adabu hakuna anayetoa wala kupokea kwa mkono ule. Kumpa mtu kitu kwa kushoto ni kumtukana. Kwa hiyo si yeye aliyerusha. Amekaa pembeni na mikono yake misafi, amemwita mtu fulani wa kushoto amfanyie. Hata uongo wake ameufanyiza na vibarua. Na huyo ndiye ambaye Médard alimtolea matangazo kule baa!

"Papa Hénoch, minyi sijamuona bado," Mbombo alisema. "Nipatie kwanza."

Hakumpa. Aligeukia ukuta, akabonyeza pale pa kurekodi sauti, na akasema kwa sauti yake ya baa, ile ya kuchekesha watu, ila hakukuwa na wa kucheka:

"Hénoch, minyi baba yako. Nimeona. Ile potopoto haiko ya njia, iko ya ndoo. Na haiko weye uliitupa, ni muntu wa mukono ya kushoto. Hata uongo umeshindwa kufanya na mukono yako yenyewe? Mu nyumba hii hatupanaka kitu na kushoto. Umenitukana. Bakia kulekule, endelea kunawa."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaenda. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetema kitu, na sasa ndipo alipompa mkewe simu, amwone huyo mwanawe.

Mbombo hakuuliza amesema nini, alikuwa amesikia kila neno. Aliishika simu kwa mikono miwili. Kioo kilikuwa bado kimejaa mlango na matone. Hakujua sana mambo ya simu kubwa, lakini alijaribu, akavisogeza vidole, na picha ikarudi ndani kidogo kidogo mpaka ikawa nzima, na pembeni yake, karibu na taa, alikuwa amesimama mtu.

Alimwangalia kwa muda. Médard alikuwa anaendelea kueleza habari za ncha. Alieleza gurudumu linavyorusha, akaeleza kwamba Kabuya asingeweza kuligundua jambo hili hata apewe mwaka, akanyoosha ubao wenye matone ili mkewe ajionee mwenyewe.

"Papa Hénoch," Mbombo alisema, bila kupandisha sauti. "Mukono ya kuume ya mutoto iko wapi?"

Médard alisema mkono gani. Aliinama. Kijana alikuwa amekonda, kofia imekaa sawa, anatabasamu kama mtu aliyeagizwa kutabasamu. Mkono wa kushoto aliuweka juu ya bawa la gurudumu, na vidole vyake vilikuwa vimejaa tope mbichi hadi kwenye kucha. Mkono wa shati wa upande wa kuume ulikuwa umekunjwa vizuri, ukapigwa pasi, ukafungwa kwa pini chini kidogo ya bega. Ndani yake hamkuwa na kitu.

"Sikuangalia pale," Médard alisema.

Aliinyakua simu. Kuna namna ya kuufuta ujumbe kabla haujasikilizwa, alikuwa ameonyeshwa, na vidole vyake vilitafuta, vikakosea, vikafungua kitu kingine, vikarudi. Alama zilikwisha kuwa za buluu, umekwisha kusikilizwa. Alizibonyeza hata hivyo. Mbombo alimtazama akibonyeza.

Jibu lilikuja palepale barazani, sauti. Nyuma yake yalisikika maji yakitoka kwenye mpira, na watu wakiitana. Hénoch alizungumza polepole, kwa adabu, jinsi alivyozungumza siku zote mbele ya baba yake.

"Ni kweli, Papa. Iko ya ndoo. Kamio yetu iliungua, na mukono ikabakia mule ndani. Sasa niko naosha magari hapa kwa kambi. Ile potopoto nilitupa minyi, na huu wenye ulibakia. Sikutaka kukutukana." Maji yakaendelea kutoka. "Ambia Mama nitashukia Bukama, kwa mama Jenny. Kamina sitafika."

Jenny alikuwa mdogo wa Mbombo, aliyerudi miaka kadhaa baada ya kufukuzwa, aliuza samaki kule Bukama, na nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na watu wa kujaza vinne. Kijana anajua hivyo, na bado amepachagua.

Médard alikaa chini. Alitaka kusema angejuaje. Alitaka kusema hakuambiwa, na kwamba mtu anaambiwa mambo kama haya, hawekewi pembeni ya picha ayatafute. Kisha akakumbuka kwamba hakuwa amewekewa pembeni. Alikuwa ameisukuma picha mwenyewe, kwa vidole vyake viwili, mpaka mwanawe akatoka nje ya kioo. Akasema atarekodi tena, atampigia, atamwambia aje hadi nyumbani, mlango uko wazi, aje tu, aje hata—

Mbombo alikuwa ameingia ndani. Alitoka na mfuko wa safari, kitenge cha kanisani, na unga kidogo uliofungwa kwenye nailoni, kwa sababu kijana amekonda. Hakulia. Hakumtukana pia, na hilo ndilo lililomtia Médard hofu kuliko yote, maana tusi angelijibu. Kwa kisimu chake cha vibonye alimpigia Hénoch. Alimwambia atamkuta Bukama, asijali treni itachelewa kiasi gani, yeye atakuwa amefika. Alimwambia atamkatia nyama kwenye sahani mpaka azoee, na kwamba kuanzia leo atapokea kitu chochote kutoka mkono ule uliobaki, hata chakula, hata maji. Alisema neno lingine kwa Kiluba cha kwao Kasai, neno la kumbembelezea mtoto mchanga, kisha akakata.

Akaja akaichukua simu kubwa kutoka mapajani mwa mumewe, yenye picha. Médard alimshika kitenge.

"Wacha niione tena," alisema. "Mara moja tu."

Mbombo aliutoa mkono wa mumewe kwenye kitenge, taratibu, kidole kwa kidole.

"Weye ulishaangalia," alisema, akaitia simu ndani ya mfuko, akaenda stesheni.